Kimeza cha kusimamia kutoka kwa fundi wa Pasua, baada ya muhula mzima

Kimeza hiki cha kusomea nimesimama kimenigharimu shilingi 48,000, hela ya bodaboda ikiwemo. Nilipokiingiza uani, mama mwenye nyumba alikizunguka mara mbili, akakigonga kwa kidole, kisha akaniuliza, "Mwanangu, umeacha uhasibu unataka kuhubiri?" Hakukosea sana. Ukikipandisha juu ya meza ya kawaida na kusimama nyuma yake, unafanana kabisa na mzee wa kanisa anayesoma matangazo ya Jumapili.

Nimekitumia kuanzia wiki ya pili ya masomo hadi karatasi ya mwisho ya UE, mitihani ya kufunga muhula, kwa hiyo nadhani nina haki ya kukisema vizuri na vibaya.

Nianze na kilichonipeleka huko. Niko mwaka wa tatu, nasoma uhasibu hapa Moshi, na nimepanga Majengo na mwenzangu anayesoma uuguzi chuo kingine. Muhula uliotangulia kiuno kilianza kunisumbua, na nikiinuka baada ya kusoma miguu inakuwa kama nimeazima. Mwenzangu akanipa kazi ya siku moja: andika kila unapokaa na kila unapoinuka. Nikachagua Jumanne. Saa 2 asubuhi hadi saa 6 darasani. Nusu saa kwa mama ntilie, nimekaa. Saa 7 hadi saa 10 maktaba. Diskasheni kwenye benchi hadi saa 11 na nusu. Robo saa kwenye daladala, na siku hiyo nilibahatika kupata siti. Geto, saa nzima na simu, nimejiegemeza kitandani kwa kiwiko. Halafu desa, yaani notsi za masomo, saa 2 usiku hadi saa 6. Nikajumlisha, mhasibu mzima na kikokotoo changu, nikapata saa 14 na robo.

Wanafunzi tuna neno letu la kusoma kwa bidii, kupiga msuli. Siku ile nilipiga msuli saa 14, na msuli pekee uliopata kazi ni wa kidole gumba.

Mwenzangu hakushangaa. Akanieleza habari ya vigimbi, ambavyo wauguzi huviita moyo wa pili: kila unapopiga hatua vinakaza na kulegea, vinaikamua mishipa na kuirudisha damu juu. Ukikaa vinalala, damu inatuama chini, na misuli mikubwa ya mapaja nayo haichukui sukari kutoka kwenye damu kama inavyochukua ukitembea. Akanisimulia pia utafiti wa Jerry Morris wa Uingereza, uliochapishwa 1953, uliowalinganisha madereva na makondakta wa mabasi ya ghorofa mbili ya London. Kampuni ileile, mabasi yaleyale. Madereva walikaa zamu nzima, makondakta walipanda na kushuka ngazi kukata tiketi, na ugonjwa wa moyo uliwapata zaidi madereva. Miaka michache baadaye Morris huyohuyo alifukua vipimo vya sare zao akakuta suruali za madereva zina viuno vipana tangu wakiwa vijana, kwa hiyo kiti peke yake hakiwezi kubebeshwa lawama zote. Hata hivyo, tangu nisikie kisa hicho, simtazami tena konda wa Majengo kwa macho yaleyale. Anavyoning'inia mlangoni, anavyoruka kabla gari halijasimama, anarudi, anahesabu chenji, anaruka tena. Abiria wote tuliokaa ndani ndio wagonjwa watarajiwa.

Kabla ya fundi nilijaribu ujanja wa bure. Nikaazima kreti la soda la mama mwenye nyumba, nikalipindua juu ya meza, laptopu juu yake. Lilikaa siku nne. Laptopu ilicheza kila nikibonyeza, na Jumamosi mama akalihitaji kreti lake maana anauza soda. Ndipo nikaenda Pasua.

Fundi ni mzee mmoja ana karakana ya mabati pembeni ya barabara, kazi yake kubwa ni vitanda na makabati. Nikamwamkia, nikamchorea kwenye daftari. Akauliza, "Sasa binti, hii ni ya duka au ya kanisa?" Nikamweleza ni ya kusomea nimesimama. Akanitazama kama mtu aliyeambiwa kuna binadamu anayelipa ili abebe zege. Lakini akakubali, 35,000, mbao za paini, nilete 20,000 ya kuanzia, nirudi Jumatatu.

Jumatatu ilikuwa bado gundi haijakauka. Jumatano umeme ulikatika. Ijumaa alikuwa msibani Kibosho. Jumamosi nikakuta kimekwisha, kizuri, kimepigwa msasa hadi kinateleza, vanishi mkono wa pili. Nikakipakia bodaboda, nikafika nyumbani, nikakiweka juu ya meza, nikasimama. Kilinifika kifuani. Nilikuwa kama mtoto aliyetumwa chumvi, anachungulia kaunta ya mangi.

Fundi alijipima yeye! Yeye ni mrefu, mimi nina futi 5 na inchi 2. Kimeza kilikuwa na kimo cha inchi 15, kiwiko chake kinatulia pale bila shida.

Nikakirudisha. Hakubisha, nampa sifa hiyo. Alicheka mpaka akakohoa, kisha akasema asingekikata, angekitoboa. Akachonga mifereji mitatu kwenye kila ubao wa ubavuni, ya inchi 9, 12 na 15, ubao wa juu ukawa unachomoka na kuchomekwa kama rafu ya kabati. Akaongeza na kipande cha nyuma cha kuzuia kisiyumbe. Kwa hilo akadai 10,000, nikalipa huku nikinung'unika, maana kosa lilikuwa lake. Leo ningelipa bila kunung'unika. Mifereji ile mitatu ndiyo kimeza chenyewe. Mimi natumia inchi 9, mwenzangu ambaye ana karibu futi 6 anatumia 15, na ile ya katikati inafaa kuegeshea desa lililochapwa ukiwa unasoma tu bila kuandika. Kwenye mtandao nimeona meza za kutoka nje, zinapanda na kushuka kwa umeme, bei yake laki kadhaa. Sizitamani. Umeme ukikatika nikiwa nimeipandisha nitaendelea kusimama hadi urudi?

Wiki ya kwanza nilifanya ujinga ambao naamini kila mwenye kitu kipya huufanya. Nilisimama saa 3 mfululizo, juu ya sakafu ya saruji, nimevaa ndala. Nilijiona shujaa. Usiku nyayo ziliwaka, magoti yakagoma, na asubuhi kiuno kilikuwa kilekile, sasa na visigino juu yake. Nikarudi kwa fundi, safari hii kwa malalamiko tu. Hakusema neno. Akakunja suruali hadi gotini, akanionyesha mguu wa kushoto. Mishipa imevimba na kujisokota kama mizizi ya mti uliomomonyolewa udongo.

"Binti, mimi nasimama tangu mama yako hajaolewa. Unaona? Kusimama siyo dawa. Mimi mchana natafuta pa kukaa, wewe umekaa unatafuta pa kusimama. Tukutane katikati."

Kisha akanipa kipande cha mbao, unene wa kama tofali la kulaza, bure. Akaniambia niweke mguu mmoja juu yake, nikichoka nibadilishe. Yeye ana cha kwake chini ya benchi la randa, kimechakaa katikati kama ngazi ya zamani. Kama utaagiza kimeza hiki usiondoke bila hicho kipande, ndicho kinachokutuliza kiuno.

Kuanzia hapo nikaelewa nilichonunua. Nilidhani nimenunua cha kusimamia, kumbe nimenunua cha kuinukia. Kusimama tu kama mlingoti hakuna faida kubwa: watafiti wa Mayo Clinic, Marekani, walikusanya tafiti 46 na kuchapisha mwaka 2018 kwamba kusimama kunaunguza kalori 0.15 tu kwa dakika zaidi ya kukaa. Piga hesabu mwenyewe, saa 6 za kusimama ni kalori 54. Nusu ya chapati moja inazishinda. Kinachosaidia zaidi ni kukatakata ule ukaaji. Kuna jaribio la Australia la mwaka 2012, mwenzangu alinionyesha kwenye notsi zake, ambalo watu wazima wenye uzito mkubwa waliinuka na kutembea dakika 2 kila baada ya dakika 20, na sukari na insulini baada ya kula havikupanda sana kama siku waliyokaa moja kwa moja.

Dakika 20 nilijaribu, nikashindwa. Anayesoma uhasibu atanielewa. Umeshafika nusu ya mizania, upande mmoja umepishana na mwingine kwa 3,600, unajua kosa liko karibu, halafu simu inalia, inuka! Hapana. Nilichofanya ni kufungamanisha kuinuka na kazi yenyewe. Swali moja la past paper nimekaa, kulisahihisha nimesimama. Sura moja ya ukaguzi wa hesabu nimesimama, kuandika nondo zake, yaani hoja kuu, nimekaa. Kwa hiyo kila nusu saa, wakati mwingine dakika 40, kuna kupanda na kushuka. Na nikaacha chupa ya lita moja na nusu. Nakunywa kwa kikombe kidogo cha bati, kikiisha natoka hadi bombani uani, hatua 38 kwenda na 38 kurudi. Maji yale yana uzuri mwingine, yanakupeleka chooni, na choo chetu kiko mbali zaidi ya bomba.

Mwenzangu yeye hahitaji ujanja mwingi. Adhana ikilia anafunga daftari, anatawadha, anaswali, anarudi. Nimemwonea wivu kwenye hilo. Ila swala zimeachana saa kadhaa, naye katikati ya adhuhuri na alasiri anaganda kwenye kiti kama mimi tu.

Kazi zinazokubali kusimama ni kusoma, kusikiliza kipindi ulichorekodi, kupitia ripoti ya field (mafunzo ya vitendo) kutafuta makosa, na presentesheni. Hiyo ya mwisho ndiyo niliyofaidi kupita zote, kwa sababu siku ya kuwasilisha nilikuwa nimeshazoea kuongea nimesimama, mikono haikujua wapi pa kutetemekea. Kazi isiyokubali ni hesabu za kuandika kwa mkono. Nimejaribu kuchora safu za jonali nimesimama, mistari ikapinda. Kuchapa kurefu nako kuna kasoro: laptopu ikiwa usawa wa kiwiko, kioo kiko chini ya macho, shingo inainama. Nilinunua kibodi ya mtumba ya waya kwa 12,000 nikajaribu kuinua laptopu kwenye mfereji wa juu, lakini kibodi haina pa kukaa, meza ya chini ni fupi mno kwangu. Ubao wa pili ungemaliza tatizo. Hilo fundi hakuliwaza na mimi sikuliwaza.

Kasoro nyingine nizimalize haraka. Vanishi ilinuka karibu wiki mbili, tulilala dirisha wazi na mbu wakala sikukuu. Kona moja ilikuwa na kibanzi kilichonasa kitenge changu, nikakipiga msasa mwenyewe. Sakafu yetu ina mteremko, kwa hiyo kimeza kinayumba kidogo upande wa kushoto, nimekiwekea kadibodi iliyokunjwa. Na ukihamisha ubao kutoka inchi 9 kwenda 15 lazima utoe kila kitu kilichopo juu, jambo linaloleta maneno kati ya watu wawili wenye UE wiki moja. Tulifikia kugawana: yeye alfajiri, mimi jioni.

Jioni ni zamu nzuri kuliko alivyodhani. Dirisha letu linatazama ukuta wa jirani. Muda wote huo nikiwa nimekaa nimeona matofali, mstari wa saruji, na mjusi. Siku ya kwanza niliposimama nikaona juu ya ukuta, juu ya bati la jirani, mawingu yanafunguka na mlima unatoka, Kibo yote nyeupe, jua la saa 12 limeipaka rangi ya chungwa. Nimeishi chumba hicho miezi saba bila kujua kwamba kinaona mlima. Fundi hajanitoza kwa hilo.

Sasa, kile ambacho kimeza hakiwezi. Saa 14 zangu za Jumanne, nyumbani zilikuwa 5 tu. Zilizobaki ziko chuoni, na huko hakuna pa kusimama. Madawati ya ukumbi yamefungwa sakafuni, ukisimama walio nyuma wanakuzomea. Maktaba ina viti vizuri na meza nzuri, zote za kukalia. Nimegundua pembe moja ya kabati fupi karibu na magazeti ya zamani ambayo inanifikia kiwikoni barabara, nakwenda kusomea pale, na mhudumu alishaniuliza mara tatu kama natafuta kitu. Mwalimu wetu mmoja, wa ukaguzi wa hesabu, ndiye pekee anayekatisha kipindi katikati. Kipindi kikitimiza saa nzima anafunika kalamu yake na kusema, "Haya, simameni, jinyoosheni, anayetaka kujisaidia aende." Dakika 5. Mwanzo tuliona anapoteza muda. Mwisho wa muhula CR wetu, kiongozi wa darasa, alijaribu kuwaomba wengine wafanye hivyo, mmoja akakubali, mmoja akamwambia sisi siyo chekechea.

Hivyo nikaongeza miguu. Mwaka 2016 jarida la Lancet lilitoa uchambuzi uliojumlisha watu zaidi ya milioni 1, ukaonyesha kwamba wanaokaa saa 8 au zaidi kwa siku lakini wanatembea kwa kasi au kufanya mazoezi ya namna hiyo dakika 60 hadi 75 kila siku, hatari yao ya kufa mapema haiwi kubwa kama ya wakaaji wenzao. Kutoka geto langu hadi darasani ni dakika 35 kwa mwendo wa mtu aliyechelewa. Kwenda na kurudi 70. Nikanunua raba za mtumba soko la Memorial, nikaachana na daladala isipokuwa siku za mvua. Tope la masika lilinitoa machozi mara mbili, na kuna mbwa mmoja njiani ambaye hatujaelewana hadi leo. Lakini nauli niliyookoa, nilipofunga hesabu za muhula, ilikuwa imekilipa kimeza chote na chenji ikabaki.

Kiuno? Kimetulia, kwa sehemu kubwa, tangu wiki ya tano hivi. Siwezi kuapa ni kimeza, maana nilianza kutembea wakati uleule, na nilibadilisha na godoro, lile la zamani lilikuwa limebaki shimo. Mkaguzi wa hesabu hawezi kutoa hati safi kwenye mazingira hayo. Miguu kuwa ya kuazima ndiyo imekwisha kabisa, hilo nalisema bila masharti.

Ukitaka kuagiza, usimwambie fundi "cha kusimamia" ukaondoka. Simama wima bila viatu, kunja kiwiko kiwe kama pembe ya dirisha, mtu apime kutoka sakafuni hadi chini ya kiwiko, halafu utoe kimo cha meza utakayokiwekea. Kwangu ilitoka inchi 9, kwa mwenzangu 15. Mwachie fundi karatasi yenye namba, asijipime. Dai mifereji, dai kipande cha mguu, dai kona ziviringishwe. Na ombea ubao wa pili kwa ajili ya kibodi, hata akiongeza 5,000.

Nakipa nyota nne. Ya tano nimeizuia kwa ajili ya zile safari za "njoo kesho".

Wiki iliyopita nilipita tena Pasua kuagiza cha pili, maana naenda field na mwenzangu amekataa katakata kukiachia hiki. Nimempa karatasi yenye namba, na mara hii nimechora na ubao wa kibodi. Fundi aliisoma akiwa amekaa kwenye stuli, mguu juu ya kipande chake. Akasema niende kukichukua Alhamisi. Hakusema ya wiki gani.